Ana GPA ya 4.1 na anaiogopa Shule ya Sheria: jibu kwa binti wa Moshi

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 24, nyumbani ni Moshi, Kiboriloni. Nimemaliza shahada ya sheria mwaka huu kwenye chuo kimoja cha huku Kaskazini na GPA yangu ni 4.1. Nataka kwenda Shule ya Sheria Dar es Salaam, kule mwenye shahada anakosomea uwakili, ila kila ninayemuuliza ananitisha kwa matokeo ya mwaka 2022. Baba anasema niende moja kwa moja kabla sijasahau niliyosoma. Mama anasema nitulie kwanza nitafute hela. Hivi kuna tofauti gani hasa kati ya chuo na kule? Na mtu aliyefanya vizuri chuoni anafelije?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. GPA ya 4.1 kwenye sheria haiokotwi barabarani. Lakini nitakwambia kitu ambacho mimi sikuambiwa na mtu siku napanda basi pale stendi ya Arusha: hiyo GPA imekupima kwa kipimo kimoja, na kule kipimo ni kingine kabisa.

Tuanze na kinachokutisha tukimalize. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya kundi la 33. Wanafunzi walikuwa 633. Waliofaulu masomo yote bila deni walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na waliofeli moja kwa moja 265. Kelele zilikuwa kubwa mpaka Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mtaani habari ikabaki moja: "wamefaulu 26 tu." Sentensi hiyo inawameza wale 342 wenye sapu, yaani mitihani ya kurudia, na sapu si kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Mimi mwenyewe nilikula sapu moja, tena ya somo nililokuwa najidai nalo chuoni, na leo nakujibu nikiwa kwenye kiti cha wakili. Ila sitakudanganya kwamba 265 ni wachache. Ni zaidi ya wanne katika kila kumi, na wote walikuwa na shahada mkononi kama wewe.

Kwa hiyo swali lako la mwisho ndilo swali lenyewe. Anafelije?

Nikuchukulie mfano wa nyumbani kwenu, maana wewe mtoto wa Kilimanjaro huwezi kukosa kuwa umeusikia jikoni. Mzee mmoja wa Marangu amefariki Machi 2014 akaacha kihamba (shamba la ukoo), mke, binti mkubwa na vijana wawili. Hakuna aliyefungua mirathi, kila mtu ameendelea kuvuna kahawa na ndizi zake. Mwaka 2018 kijana wa mwisho anakata kipande cha kihamba anamuuzia jirani. Sasa binti mkubwa anataka ardhi irudi.

Chuoni swali hili linaishia na neno "Jadili." Na wewe unalijua jibu hata usingizini. Unaanza na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, unahamia ibara ya 13 ya Katiba kuhusu usawa, unamwaga kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ya mwaka 1990, ile ya bibi wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo na Jaji Mwalusanya akamlinda, unagusa mikataba ya kimataifa, unahitimisha kwa upole kwamba mila zinabadilika. Kurasa sita. Mwalimu anakupa alama nzuri, na anastahili kukupa, kwa sababu alitaka aone kama unaielewa sheria.

Shule ya Sheria binti yuleyule anaingia ofisini kwako na mfuko wa rambo wenye karatasi. Swali linaishia hivi: "Andaa nyaraka." Basi. Hakuna aliyekuuliza unamwonaje Mwalusanya.

Hapo ndipo wenye GPA kubwa wanapokwama, na nimewaona. Mkono unakwenda wenyewe kuandika hati ya madai: mdai ni binti, mdaiwa ni jirani, ardhi irudishwe. Lakini binti anadai kama nani? Ardhi ni ya marehemu. Mwenye kusimama mahakamani kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi, na hakuna msimamizi. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kutoka ofisini kwako ni maombi ya usimamizi wa mirathi, na kabla ya hapo unamwambia alete cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mahakama ipi? Mzee aliishi wapi, na mambo yake yalikwenda kwa sheria ipi? Ukishapata barua za usimamizi ndipo unamgeukia jirani, na hata hapo huendi kichwa kichwa: mgogoro unapita kwanza baraza la kata kwa usuluhishi, ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Bado hujamaliza. Tazama tarehe. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 12 kudai ardhi. Mwanafunzi anahesabu kutoka mauzo ya 2018, anapata 2030, anafurahi. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwa ardhi ambayo marehemu alikuwa akiimiliki siku anakufa, dai linahesabiwa kuzaliwa siku ya kifo. Machi 2014 jumlisha 12. Saa ilianza kugonga siku ya msiba, watu wakiwa bado wanakunywa mbege uani. Mawakili wanabishana sana juu ya namna ukomo unavyogusa mambo ya mirathi na usishangae ukikuta hukumu zinavutana, ila mteja wako hakuja kusikiliza mabishano. Anataka umwambie leo kama amechelewa.

Umeona? Sheria ni ileile uliyoisoma. Hakuna kifungu kipya hapo. Kilichobadilika ni kwamba chuoni ulikuwa unaieleza sheria, na sasa unatakiwa kutoa karatasi yenye jina la mahakama juu, majina ya watu yaliyoandikwa sawasawa, mambo yaliyotokea yakipangwa kwa aya zenye namba, nafuu unazoomba, sahihi na tarehe. Ikikosea kiungo kimoja, haijalishi unaielewa sheria kiasi gani.

Nikupe yangu. Nikiwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye ofisi moja ya mawakili mjini Arusha, nilipewa kuandaa hati ya kiapo ya mama mmoja wa Usa River aliyekuwa anaomba kuongezewa muda wa kukata rufaa. Niliiandika usiku kucha. Aya kumi na nne, kila moja imesimama. Kilichobaki ni pale chini, sehemu ya kamishna wa viapo, ambayo mimi niliiona kama pambo. Sheria inataka pale paonekane kiapo kimetolewa mbele ya nani, wapi na tarehe gani. Mimi niliweka jina na tarehe, nikaacha mahali. Neno moja tu, "Arusha", halikuandikwa. Wakili wa upande wa pili aliinuka na pingamizi la awali, akaongea dakika tano bila hata kuwasha moto, na maombi yakaondolewa mahakamani. Mama yule alikuwa amekaa benchi la nyuma na kitenge chake cha kujifunika baridi. Tulipotoka aliniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo tumeshindwa?" Nikamweleza kwamba yameondolewa, hayajatupiliwa mbali, yanaweza kuletwa tena. Akanitazama tu. Kwake ilikuwa nauli nyingine na siku nyingine bila kufungua genge.

Kuna siku mahakama inasamehe makosa ya aina hii na kutazama haki yenyewe, hasa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yaliyosisitiza hivyo. Lakini huruma ya hakimu usiiweke kwenye bajeti yako, na ya msahihishaji ndiyo kabisa.

Sasa baba na mama. Wote wana haki, lakini sababu zao zote mbili hazijanishawishi. Baba anaogopa utasahau. Ulichokariri kwa ajili ya pepa umeshakisahau, tusidanganyane, na kile ulichokielewa hakiondoki kwa miezi sita. Mama anasema tafuta hela, na mama anayejua bei ya maisha asipuuzwe, ila nimeona wengi waliokwenda "kutafuta hela kidogo" mwaka ukawa minne, mara wana duka la miamala pale Mbuyuni, mara wana watoto wawili, na cheti kipo kabatini. Ningekuwa wewe ningejipa miezi minne mpaka sita, na nisingeilala.

Asubuhi mbili kwa wiki nenda ukakae mahakama ya mwanzo. Najua wewe ni wa Kaskazini na umekua ukisikia habari za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Afrika Mashariki, zote ziko hapa Arusha, na kabla yake ilikuwepo ile ya mauaji ya Rwanda. Kila kijana wa sheria wa huku ana ndoto ya kuvaa kitambulisho cha moja ya majengo hayo, na mimi nilikuwa nayo. Nenda ukasikilize siku moja, shauri likiwa la wazi hakuna atakayekufukuza. Lakini kwa unachokwenda kufanyiwa mtihani, hakimu wa mahakama ya mwanzo anayesikiliza kesi ya mbuzi aliyekula mahindi atakufundisha zaidi. Pale utaona shahidi anavyoongozwa, swali gani linamfungua mtu na lipi linamfunga, na jinsi kesi nzuri inavyokufa kwa sababu mwenye nayo alikuja na picha za simu bila mtu wa kuzithibitisha.

Siku zilizobaki omba kukaa kwenye ofisi ya wakili, hata kama hawakulipi, hata kama kazi ni kupeleka bahasha na kupanga majalada. Usiogope kupanga majalada. Jalada la kesi iliyokwisha ni kitabu ambacho chuo hakikukupa: unaona hati ya madai, unaona utetezi ulioletwa ndani ya siku 21 au uliochelewa, unaona pingamizi, uamuzi, ushahidi, hukumu, vyote kwa mpangilio vilivyotokea. Soma jalada moja kwa wiki toka kwanza mpaka mwisho. Kisha lifunge, na uandike ile hati ya madai mwenyewe kwa mkono, bila kuchungulia. Linganisha. Utaona aibu mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu aibu inapungua. Siri za wateja ziachwe hukohuko ofisini, hata kwa mama usipeleke.

Ukiwa hapo mwombe karani akuonyeshe kesi inavyosajiliwa kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni, maana siku hizi mambo ya kusimama dirishani na karatasi yamepungua sana. Na kila hukumu unayotaka kuitaja, iangalie kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure. Madesa ya kaka zako, yale maandishi ya masomo ya kurithishana, usiyaamini. Hata yako mwenyewe yatazame mara mbili, kwa sababu sheria ulizosoma chuoni yumkini ni za toleo la 2019, na tangu Julai 1, 2025 linatumika Toleo la Urekebu la 2023, ambamo baadhi ya vifungu vimebadilika namba. Mtu anayetaja namba ya zamani kwa kujiamini anaonekana kutoka mbali.

Jambo la lugha watu hawaliulizi na wanapaswa. Shahada yote umeisoma kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa mazingira yaliyotajwa kwenye kanuni. Kazini bado utakutana na vyote viwili, wakati mwingine kwenye jalada moja. Kwa hiyo jizoeze kusema mdai na mdaiwa, mwombaji na mjibu maombi, hati ya madai, maelezo ya utetezi, hati ya kiapo, nafuu, bila kusitasita. Nimewasikia vijana wasomi kabisa wakimhoji bibi wa miaka sabini kwa Kiswahili cha kutafsiri kichwani, bibi anabaki anamtazama mkalimani ambaye hayupo.

Ukifika kule utaanza na masomo ya darasani kisha fildi kwenye mahakama na ofisi za sheria, yote yanachukua takriban mwaka. Kasi yake ndiyo itakayokushtua. Chuoni ulikuwa na muhula mzima wa kuchezea halafu wiki mbili za kukesha. Kule kazi zinakuja mfululizo, na kukesha siku tatu kabla ya pepa hakusaidii kwa sababu mkono haufundishwi kwa siku tatu. Tafuta watu watatu au wanne wa kusoma nao, wasizidi. Kundi la watu kumi ni kijiwe. Sisi tulikuwa wanne. Mmoja anaandika hati ya madai, mwingine anaandika utetezi wa kuiua, wa tatu anatafuta pingamizi, wa nne anakuwa hakimu, wiki inayofuata tunabadilishana. Tuligombana sana. Yule aliyenipiga mapingamizi mengi kuliko wote ndiye aliyenisimamia harusi.

Somo la maadili na la uendeshaji wa ofisi pamoja na vitabu vya hesabu usiyadharau kwa kuyaona mepesi. Sapu yangu ilitoka kwenye ukoo huo.

Hela. Bodi ya Mikopo miaka ya karibuni imefungua mlango kwa wanafunzi wa Shule ya Sheria, kwa hiyo usiombe kwa kusikia, tafuta mwongozo wa mwaka wako uusome mwenyewe vigezo vyote. Ila usiende ukitegemea bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, kama chuoni, halafu likichelewa uanze kupiga simu Kiboriloni usiku. Shule iko Sinza, na wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kaeni na wazazi mezani, mhesabu ada, kodi, chakula, nauli na kuchapa nyaraka. Hiyo ya kuchapa kila mtu anaisahau na inauma. Kama hesabu haijatimia, ongeza miezi mitatu nyumbani. Nimeona mtu mwenye akili kuliko mimi akifeli kwa sababu alikuwa anashinda anatafuta mahali pa kulala.

Je, ni lazima uende? Ukitaka kuwa wakili, ndiyo. Ukitaka kuwa hakimu mkazi au wakili wa serikali, ndiyo pia, matangazo ya kazi yenyewe yanadai. Ukitaka kuwa ofisa kwenye shirika au kampuni unaweza kuishi bila, na hakuna dhambi. Hukuniambia unataka nini. Ukishamaliza kule bado kuna kuandika maombi kwa Jaji Mkuu, kuapishwa na kuingizwa kwenye orodha ya mawakili, lakini hilo lisikunyime usingizi leo.

Kwa hiyo mwambie baba unakwenda, na mwambie mama huendi kesho. Jumatatu nenda ofisi ya wakili yeyote Moshi mjini ukaombe kiti. Ukikipata, andika hati ya kiapo ya yule binti wa Marangu akieleza kwa nini anachelewa kufungua mirathi, kisha nitumie niione. Nitaanza kuisoma kutoka chini.

Na suti nyeusi nunua Memorial kabla hujasafiri, mbili, na mashati meupe matatu. Ukisubiri ufike Dar utauziwa kwa bei ya mgeni.